Besi inapotea uwanjani: ampu ya wati 500, boksi moja la ohm 8, na nini cha kununua kwanza

Msomaji wa Likoni anauliza: "Napiga besi katika kundi la harusi. Nina ampu ya wati 500, nyuma imeandikwa isishuke chini ya ohm 4, na boksi moja la spika ya inchi 15, ohm 8. Ukumbini tunasikizana vizuri, lakini uwanjani besi haisikiki. Nikiongeza sauti spika inakohoa, na ampu imewahi kujizima katikati ya wimbo. Kuna mtu ananiuzia boksi la spika nne za inchi 10, ohm 4, kwa bei nzuri. Mwingine ananiambia nitafute ampu ya wati 1000. Tena nina mpango wa kuchongewa gitaa la nyuzi tano kwa mvule. Nianze na lipi?"

Ndugu, usianze na lolote kati ya hayo matatu. Kinachokupungukia si wati bali koni, yaani karatasi ya kusukuma hewa. Ampu uliyo nayo inatosha, na karibu nusu ya nguvu zake hujaigusa bado. Boksi la pili la ohm 8, lenye spika ya aina moja na uliyo nayo, litakupa zaidi ya ampu ya wati 1000, na seremala yeyote makini wa Mombasa anaweza kulipiga ukimpa vipimo. Vipimo nitavitaja. Kwanza hesabu ya ohm (kipimo cha ukinzani wa umeme), maana hapo ndipo ampu za watu huungulia.

"Wati 500" ni ahadi yenye sharti: ampu itatoa wati hizo ikibebeshwa ohm 4. Kwenye boksi lako la ohm 8 inatoa wati 250 hadi 300 hivi. Ukiongeza boksi la pili, matundu mawili yaliyo nyuma ya ampu karibu kila mara yameungwa sambamba kwa ndani (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), kwa hiyo unazidisha ohm za maboksi mawili kisha unagawa kwa jumla yake. Nane mara nane ni 64, gawa kwa 16, unapata 4: ndicho kipimo ampu yako inachotaka. Nane mara nne ni 32, gawa kwa 12, unapata 2.67. Hapo umeshuka chini ya kilichoandikwa. Ampu itavumilia nyimbo za taratibu, lakini chakacha ikikolea mkondo unazidi, joto linapanda, kinga inakata. Kinga ikiwa dhaifu, zinazokwenda ni transista za mwisho. Na hata isipoungua, boksi la ohm 4 litakula umeme mara mbili ya lile la ohm 8, ile ya inchi 15 ibaki kunong'ona nyuma.

Huenda muuzaji akakwambia fundi atabadilisha waya za ndani liwe la ohm 8. Hesabu inakataa. Boksi la spika nne lenye ohm 4 huwa na spika za ohm 16 zilizoungwa zote sambamba, au spika za ohm 4 zilizoungwa mbili mbili kwa mfuatano (moja baada ya nyingine) kisha sambamba. Hizo za ohm 16 ukizipanga upya mbili mbili zinatoa 16, na zote kwa mfuatano 64. Hizo za ohm 4 zinatoa 1, 4 au 16. Ukitumia spika zote nne, nane haipatikani bila kununua spika nyingine.

Ila lile boksi si baya lenyewe. Ukiliunga peke yake, bila la inchi 15, ampu inatoa wati zake zote 500, na koni nne za inchi 10 zina eneo la sentimita za mraba 1,350 hivi dhidi ya 850 za koni yako moja. Ukiwa tayari kuuza la inchi 15 ili ununue hilo, biashara ni halali. Kabla ya kutoa pesa chukua multimita, iweke kwenye ohm, pima kwenye soketi ya boksi: boksi la ohm 4 husoma kati ya 3 na 4, la ohm 8 husoma kati ya 5.5 na 7. Ikisoma mbali na hapo, ama kuna spika iliyoungua ndani ama mtu ameshachezea waya. Kisha sukuma kila koni taratibu kwa vidole vilivyotandazwa. Ukisikia mkwaruzo, koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, imeharibika.

Sasa hiyo ampu ya wati 1000. Wati zikiongezeka maradufu unapata desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo mpiga tarumbeta mmoja anaimeza. Tena ampu hiyo nayo itatoa karibu nusu yake kwenye ohm 8, na wati zote hizo zinaingia kwenye koni moja ambayo tayari inakohoa. Boksi la pili linakupa desibeli 6 katika sauti za chini: 3 kwa sababu ampu inatoa wati maradufu ikibeba ohm 4, na 3 kwa sababu koni mbili zilizo karibu husukuma hewa kwa pamoja. Na kila koni haitembei zaidi ya ilivyokuwa ikitembea peke yake.

Huko kukohoa kunatokana na mwendo wa koni. Kwa sauti ile ile, ukishuka oktavu moja koni inatakiwa kwenda mbele na nyuma mara nne zaidi. Uzi wa E uliofunguliwa ni hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), A ni 55, D ni 73, G ni 98. Wati zilizobandikwa mgongoni mwa spika, tuseme 400, ni kipimo cha joto ambalo koili inastahimili. Kwenye hezi 40 koni inaweza kufika mwisho wa mwendo wake kwa nusu ya wati hizo au pungufu. Kisha mpigaji, akiona besi haisikiki, anazungusha kitufe cha besi hadi mwisho. Kwenye ampu nyingi hapo ni desibeli 12 au 15, na desibeli 12 ni wati mara 16. Umeiomba ampu kitu ambacho haina, na spika mwendo ambao haina.

Uwanjani fanya kinyume. Kitufe cha besi kiache katikati au kipunguze kidogo. Pandisha eneo la hezi 100 hadi 200 kwa desibeli 2 au 3, na la hezi 500 hadi 800 vilevile, kwa sababu hapo ndipo sikio linapokamata noti katikati ya ngoma na kinanda. Kama ampu ina kichujio cha kukata sauti za chini kabisa, kiweke hezi 35 au 40. Kama haina, kuna pedali ndogo za kazi hiyo, na hiyo ndiyo pesa ya kwanza ningekushauri uitoe, hata kabla ya boksi. Na usiweke boksi juu ya meza au jukwaa la mbao lililo wazi chini. Liweke chini kabisa, mgongo karibu na ukuta. Ukumbini kuta zilikuwa zikikurudishia besi bila wewe kujua, na uwanjani ukuta mmoja wa mawe ni msaada mkubwa.

Kuhusu kujizima: imejizima ikiwa na boksi la ohm 8 pekee, kwa hiyo ohm si mshtakiwa. Anza na umeme. Umeme wetu ni volti 240, lakini huo ni wa kwenye mita. Mwisho wa ekstensheni ya mita 50, nyuma ya jenereta ya kukodi, hali ni nyingine. Waya wa milimita za mraba 1.5 una ukinzani wa ohm 1.2 hivi kwa mita 50 kwenda na kurudi, na bendi nzima pamoja na taa ikivuta ampea 10, volti 12 zimepotea njiani. Jenereta ikiwa yenyewe imechoka, unafika chini ya volti 200 na baadhi ya ampu hujifunga hapo. Pima kwa multimita wakati bendi inapiga, si kabla. Tumia waya wa milimita za mraba 2.5, ukunjue wote kutoka kwenye kigurudumu chake (ukibaki umezungushwa unapata joto hadi unayeyuka), na besi ipewe laini yake mbali na taa za wapambaji.

Pima pia kabla ya kuchomeka chochote, kwa sababu ya pili. Kwenye jenereta ya fezi tatu, waya wa nyutro ukilegea, tundu lako linaweza kupanda kuelekea volti 415. Hapo ampu haijizimi, inakufa.

Mshukiwa wa pili ni joto. Feni ya ampu ikijaa vumbi lililoshikana na chumvi ya pwani, hewa haipiti. Fungua kifuniko ikiwa imechomolewa tangu jana yake, piga brashi laini, usitumie maji wala mafuta. Iachie nafasi ya sentimita 10 kila upande, na usikubali wapambaji waifunike kwa vitambaa ili jukwaa lipendeze.

Mshukiwa wa tatu ni waya wa spika. Ukitumia waya wa gitaa kati ya ampu na boksi, ndani yake kuna uzi mwembamba usiobeba mkondo huo. Unapata joto, plastiki inalainika, nyaya zinagusana, ampu inakata. Waya wa spika ni wa nyaya mbili sawa, milimita za mraba 2.5, na plagi bora ni ya Speakon, iunganishwe 1+ na 1−. Kama ampu yako ina matundu ya jeki tu, izime kabla ya kuchomeka au kuchomoa, maana jeki ikiwa inaingia inaweza kugusanisha pande mbili.

Basi tuje kwenye boksi. Kwanza spika. Tafuta ya inchi 15 ya jukwaani, ohm 8, wati 300 au zaidi, na usome karatasi yake: masafa ya asili (Fs) kati ya hezi 35 na 45, Qts (kipimo cha jinsi koni inavyojizuia kutetemeka) kati ya 0.3 na 0.4, mwendo wa koni (Xmax) milimita 5 au zaidi, na wepesi wa sauti kuanzia desibeli 95 kwa wati 1 umbali wa mita 1. Usishawishike na zile za matatu. Spika nyingi za gari zina desibeli 87 hivi, tofauti ya 8, na desibeli 8 ni wati mara sita na ushei. Kile ambacho spika ya jukwaani inafanya kwa wati 300, ya matatu itadai karibu 1,900. Ndani ya gari inatikisa vioo kwa sababu chumba ni kidogo na kimefungwa.

Mbao iwe plaiwudi ya marini ya milimita 18. MDF na chipubodi zinachongeka vizuri, lakini kwa unyevu wa pwani kingo zinavimba na skrubu zinalegea. Karatasi moja ya futi 8 kwa 4 inatosha na kubaki. Seremala akate hivi:

Ubao wa mbele na wa nyuma: 60 × 46 cm, kimoja kimoja.
Mbavu mbili: 60 × 44.6 cm.
Juu na chini: 49.6 × 44.6 cm, vipande viwili.

Mbele na nyuma vinakaa katikati ya mbavu, juu na chini vinafunika vyote. Ndani unabaki na 60 kwa 46 kwa 41, yaani lita 113. Toa lita 5 za spika, 3 za mabomba ya kupitishia hewa na 1 ya vipingo vya ndani, unabaki na lita 100 na ushei. Kwa lita hizo, mabomba mawili ya PVC ya inchi 4 (yale ya maji machafu, kipenyo cha ndani karibu milimita 103), kila moja likiwa na urefu wa sentimita 17.5 kuanzia uso wa mbele wa ubao, yanaliweka boksi kwenye masafa ya karibu hezi 45. Seremala akikosea lita 10 masafa yanahama kwa hezi 2 hivi, si msiba. Akikosea urefu wa bomba kwa nusu ndiyo msiba. Bomba moja tu halitoshi: hewa itapita kwa kasi na utasikia linapumua.

Katikati ya tundu la spika iwe sentimita 21 kutoka ukingo wa juu wa ubao wa mbele, na katikati ya mabomba sentimita 50 kutoka ukingo huo huo, kila moja sentimita 11.5 kutoka upande wake. Tundu la spika za inchi 15 mara nyingi ni sentimita 35.3, lakini seremala asikate kabla spika haijawa mkononi mwake. Kila kiungo kitiwe gundi ya mbao na skrubu za kila sentimita 10, kisha mstari wa silikoni kwa ndani. Kipingo cha mbao ya sentimita 5 kwa 2.5 kiunganishe mbavu mbili katikati, na kingine kiunganishe mbele na nyuma kati ya spika na mabomba. Maseremala hupenda kuruka vipingo kwa sababu havionekani. Bila vipingo ubao unatetemeka pamoja na koni, na noti karibu na hezi 100 hadi 200 zinapiga kelele kuliko nyingine. Spika ifungwe kwa boliti na nati za meno zilizopigwa nyuma ya ubao. Skrubu za kawaida zitalegea baada ya harusi chache. Pande tatu za ndani, yaani mgongo, ubavu mmoja na juu, zibandikwe pamba ya poliesta ya unene wa sentimita 3 hadi 5, isikaribie midomo ya mabomba. Skrubu, boliti na wavu wa mbele viwe vya chuma kisichoshika kutu. Silikoni ikae siku nzima kabla ya spika kuingia, maana mvuke wa silikoni nyingi ni wa asidi na hula waya.

Likikamilika, piga sauti ya hezi 50 kutoka kwenye simu kupitia ampu, ya wastani, upitishe kijiti cha udi kwenye viungo vyote na kuzunguka soketi. Moshi ukirukaruka mahali pasipo bomba, hewa inavuja hapo.

Jaribio la mwisho lisikose, hasa kwa boksi la kupigwa nyumbani. Chukua betri ya volti 1.5, chanya kwenye 1+ na hasi kwenye 1−, uguse kwa sekunde moja. Koni iruke mbele. Fanya hivyo kwa boksi la zamani pia. Moja likienda mbele na jingine likirudi nyuma, zinavutana hewa, na maboksi mawili yatatoa besi ndogo kuliko moja. Geuza waya za boksi moja, basi. Ukiyapeleka kazini yapandishe moja juu ya jingine. Ukiyaweka kando kwa kando, sauti za kati zitapungua kwa wanaokaa pembeni.

Gitaa la nyuzi tano linaweza kungoja. Uzi wa B mnene ni hezi 31, chini kabisa ya masafa ya boksi hili, na boksi lenye mabomba likishuka chini ya masafa yake hewa haiishikilii tena koni, nayo koni inakimbia ovyo. Kichujio kikiwa kwenye hezi 35 utapiga B bila hofu; sikio litaishika noti kwa sauti yake ya hezi 62.

Ukiamua kuchongesha, mvule unafaa kwa mwili lakini si mwepesi. Mwili wa besi una lita 4 hadi 4.5 za mbao. Mvule una kilo 650 hivi kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo mwili peke yake ni kilo 2.6 hadi 2.9, na shingo pamoja na vyuma vinaongeza kilo 2 na ushei. Harusi ya muda wa saa nne bega litakuuliza. Mkangazi ni mwepesi zaidi. Au seremala atoboe vyumba ndani ya mwili kabla ya kubandika uso. Mpingo usifikirie kwa mwili, unazama majini. Weka kwenye ubao wa freti tu. Mbao iwe imekauka hadi unyevu wa asilimia 10 hadi 12, ipimwe kwa kipima unyevu, kwa sababu mbao za milango nyingi hapa haziko hivyo.

Shingo usimpe seremala wa milango. Nunua iliyokwisha tengenezwa, yenye fimbo ya chuma ndani, urefu wa uzi wa inchi 34 (milimita 864) au 35 (milimita 889), na yeye achonge mwili kuifuata. Kitako cha shingo nyingi kina unene wa milimita 25, na mfuko wake hukatwa kina cha milimita 16, lakini upana wa shingo za nyuzi tano hutofautiana, hivyo aikate akiwa nayo. Daraja lisifungwe mpaka shingo imekaa: lipimwe kutoka kwenye nati ya juu hadi vikalio vya nyuzi, vikalio vikiwa karibu na mwisho wake wa mbele ili viweze kurudi nyuma wakati wa kurekebisha sauti. Na akipiga msasa mvule avae barakoa. Vumbi lake linawasha pua na ngozi vibaya.